Aliyeachwa Nyamuswa

Musoma, 17 Agosti 2024

Mdogo wangu Nathanieli,

"Burito alishika usukani kwa hiari yake, akatuharibia safari nzuri." Hayo ni maneno yako. Uliyaandika kwenye kundi lenu la simu, la ninyi mliosoma wote chuo cha ualimu, na mtu mwenye aibu kidogo ameniletea. Nakujibu kwa simu ya jirani kwa sababu namba yangu umeizuia.

Nikusalimie kwanza, maana mama alinifundisha kumsalimia hata mtu ninayemgombeza. Habari za Dodoma? Mkeo na watoto hawajambo? Mimi mwili unaenda. Mama presha imepanda, anakula vijiko viwili vya uji, kisha anauliza mwanawe Burito anarudi lini.

Sasa sikiliza. Burito, mdogo wangu wa tumbo moja, hajui kuendesha gari. Ana miaka arobaini na mitano, hata kwenye pikipiki anapandaga nyuma na kufumba macho. Wewe unalijua hilo kuliko mimi. Siku ya mwisho ya safari yenu mlitoka Butiama mchana, wanne ndani ya ile Noah ya kukodi: wewe, Burito, Justina na Mseti. Mlishakula nyama choma na kunywa. Kabla hamjafika Nyamuswa mkamgonga mtoto anayeitwa Esther, binti wa Jilala, akivusha ndama. Watu wakazingira gari. Wakasema limpeleke mtoto hospitali, lakini dereva abaki. Burito akashuka, akasema, "Dereva ni mimi." Gari likaondoka.

Nani aliliondoa, Nathanieli? Kama dereva alibaki barabarani, nani aliendesha mpaka Bunda, na kutoka Bunda mpaka Mwanza? Mliahidi kumrudia. Mkalirudisha gari Mwanza, mkapanda basi, mkaenda zenu.

Polisi walimchukua kabla hajapigwa. Mtoto hajazinduka. Andika.

Dada yako,
Robi


Dodoma, 19 Agosti 2024

Dada Robi,

Shikamoo. Sisi huku tunamshukuru Mungu, ingawa usingizi hatuna. Mpe mama pole yangu.

Maneno yako nimeyapokea. Tangu tukiwa wanafunzi tunakuja likizo kwako kula samaki wa kamongo, ulikuwa unatuchapa zaidi kwa mdomo kuliko kwa mwiko. Lakini nikuulize: Burito mwenyewe amewaambia polisi nini? Mtu mzima, mwalimu, ametoa maelezo na kuweka sahihi. Wewe hukuwepo. Kwa nini umkanushe?

Na mbona husemi kwamba mtoto tulimfikisha hospitali? Wengine wangemwacha njiani. Kuhusu gari, dharura ni dharura, yeyote angeendesha.

Kuna jambo jingine, na ninalisema kwa heshima. Mimi na Burito ni wa rika moja. Tulitahiriwa asubuhi moja, tukauguza vidonda pamoja. Yaliyo kati yetu hayamhusu mwanamke, hata dada. Tuliza moyo. Mambo yatapoa.

Mdogo wako,
Nathanieli


Musoma, 22 Agosti 2024

Nathanieli,

Marahaba. Mama pole yako nimemfikishia. Amegeukia ukutani.

Jana nilikwenda Bunda kumwona Burito mahabusu. Amekonda, shingo imekuwa ya mtoto. Nikamwuliza, "Burito, klachi inakanyagwa kwa mguu gani?"

Akacheka. Kweli, alicheka. "Dada, acha bwana. Wa kulia?"

"Umeona! Kesho hakimu akikuuliza hivyo?"

"Haulizagi hivyo."

Nikamwuliza kwa nini alijitaja. Akaniambia, nami nakuandikia kama alivyosema: "Nathanieli alikuwa ananuka bia. Angefungua tu mlango, wangemuua. Mimi nilikuwa mzima, naongea nao Kiikizu, lugha yao, ningewatuliza. Na mtoto alikuwa anavuja damu, dada. Gari lilitakiwa kuondoka."

"Sasa wametulia. Uko kwa polisi. Sema."

"Wa rika langu simtaji."

"Hata ukifungwa?"

"Atakuja mwenyewe. Anakujaga huyo. Anachelewa, lakini anakuja."

Unasikia? Mwenzako anakaa sakafuni anakutetea kwa kuchelewa kwako!

Unaniambia mambo ya rika hayamhusu mwanamke. Uji mliokunywa mkiwa mnauguza, wewe na yeye, mnatembea miguu upande kama bata, aliupika nani? Maji alichota nani? Rika mnalolitaja nalijua. Limemkataza Burito kukutaja wewe. Halikukukataza wewe kujitaja. Tafuta mzee yeyote, kuanzia Butiama mpaka Nyamuswa, akuonyeshe mila inayosema mwenzako akae jela ili wewe ukafundishe maadili darasani. Hakuna. Umechukua nusu ya mila, ile inayokufaa, ile nyingine umemwachia yeye aibebe peke yake.

Ongeza hili, maana ulikimbia bila kuliwaza. Wewe una leseni. Yeye hana. Kosa lako akivikwa yeye, linakuwa makosa mawili.

Esther amehamishiwa Mwanza. Bado hajafumbua macho.

Dada yako,
Robi


Dodoma, 25 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo. Natumaini mama ameamka salama. Mimi sijambo kwa mwili tu.

Sitaandika kwenye simu kitu ambacho kesho kitasomwa na mtu mwingine. Unajua kwa nini. Nimepewa ukuu wa shule mwezi Julai, dada, baada ya miaka kumi na nane darasani. Nina watoto wanne. Mke wangu hajui lolote. Kila gari likisimama hapa nje, nazima taa.

Nipe muda kidogo. Mtoto akiamka, nitakuja na wazee kwa Jilala, tukae, tuyamalize kwa mazungumzo, na Burito atoke. Na akizidiwa, nakuapia kwa mama yangu aliye kaburini, nitapanda basi la kwanza na kuja kusimama pale mwenyewe. Usiende kwa Justina na Mseti. Waache. Hili ni langu.

Mwambie Burito sijamsahau.

Mdogo wako,
Nathanieli


Musoma, 6 Septemba 2024

Nathanieli,

Sikuulizi hali. Tangu ujumbe wako wa mwisho nimekuandikia mara mbili kwa simu ya jirani, na mara moja kwa simu ya padri, zote umezizuia. Barua hii naituma kwa Justina na Mseti. Wewe utaisomea kwao.

Esther alifariki Alhamisi ya wiki iliyopita. Nilikwenda mazishini. Waliniambia nisiende, watanipiga. Hawakunipiga. Jilala alinipa kigoda, akasimama mbele yangu, akasema, "Huyo ndugu yako nilimkuta amevua shati amemfunika mwanangu. Mwenye usukani hakushuka. Mimi namtaka mwenye usukani." Nikamwambia akawaeleze polisi. Alishakwenda. Walimwuliza kama alimwona Burito akiendesha au la, akajibu ukweli, kwamba alifika mtoto ameshagongwa. Wakamshukuru, wakamwambia aende.

Ujumbe wako wa tarehe ishirini na tano niliupeleka kituoni pia. Askari aliusoma, akanirudishia simu: "Mama, huyu hajasema kitu." Na kweli, hukusema kitu. Uliapa tu.

Burito nimemwona leo. Nilimpa habari ya mtoto, akalia mpaka askari akaniambia nitoke. Kabla sijatoka aliniuliza basi la Dodoma linaingia Bunda saa ngapi. Nilisema sijui, nikaondoka kama mwizi.

Jumatano, tarehe 11, atasomewa shitaka jipya, la kusababisha kifo. Amesema akiulizwa atajibu ni kweli. Nimemlilia, nimempigia magoti, mimi niliyemfunga nepi. Hakimu akishaandika neno hilo, mama yangu atakufa mwanawe akiwa gerezani.

Kwako sina tena la kusema. Nawageukia ninyi wawili.

Justina, ulikaa nyuma ya dereva. Mseti, ulikaa mlangoni, wewe ndiye uliyempakia mtoto garini. Nilipowapigia, mliniambia mnaogopa kuvunja urafiki wa chuo. Urafiki upi? Ulivunjika siku ile ile mlipompungia mkono kwenye dirisha. Mseti, wewe ni wa Tarime, hukutahiriwa na Nathanieli. Justina, wewe ni mwanamke, na yeye mwenyewe amesema mambo ya rika hayatuhusu. Basi hakuna kiapo kinachowafunga midomo. Kuna woga tu, na woga nao unapanda basi, ukikaa kiti kimoja na wewe mpaka unafika.

Ninyi wawili, njooni Bunda. Laleni kwa watu wenu au laleni kwangu Musoma, kitanda kipo. Jumatano saa mbili asubuhi muwe mahakamani, ndani, si nje kwenye kivuli. Mwambieni mwendesha mashtaka, kabla ndugu yangu hajafungua mdomo, jina la mtu aliyekuwa ameshika usukani.

Dada yenu,
Robi