Usingizi wa Kwenye Faili

3 Machi

Mama, shikamoo.

Hujambo huko? Vidole vyako vinaendeleaje, na mgongo? Mimi mzima, ila dirisha la ofisini linanipa usingizi. Jua la mchana likiingia, chumba kizima kinakuwa cha rangi ya chai, feni zinavuma taratibu, na mimi nasinzia macho wazi.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu unanichenga. Mara ya mwisho ulisema daktari amekuta uvimbe tumboni na anataka kuutoa, halafu papo hapo ukasema kuna mteja anakungoja umsuke. Mama, hakukuwa na mteja. Niliisikia saluni yako yote ilivyokuwa kimya. Niambie kweli, unakwenda kupasuliwa au huendi?

Binti yako,
Kitinda


14 Machi

Kitinda wangu, marahaba.

Mimi nipo, napumua, namshukuru Mungu. Vidole vimetulia. Mgongo ndio ule ule, tumeshazoeana.

Haya, umenishika. Siendi. Na usianze kunihubiria, nisikilize kwanza. Uvimbe siuogopi, kisu nacho sikiogopi. Ninachoogopa ni ile nusukaputi yao.

Yupo mteja wangu mmoja, fundi cherehani, amehamia mtaa huu mwaka huu. Akikaa tu kwenye kiti changu analala fofofo, mate yanamchuruzika, nasuka kichwa kizima yeye hana habari. Nikimaliza namgusa bega. Anafungua macho na kunitazama kama hanijui, kama hajijui mwenyewe. Kwa kitambo hivi mama wa watu hayumo. Halafu anarudi, tunacheka. Siku daktari aliponiambia nitalazwa usingizi, niliuona ule uso. Nikajiuliza, na asingerudi je? Au arudi mwingine, avae kanga zangu, afungue saluni yangu, mimi nibaki huko nilikoachwa?

Daktari anasema uvimbe hautaningoja. Nimemwambia nitafikiria.

Na hiyo kazi yako sijaielewa bado. Watu wakiniuliza nasema unatengeneza kompyuta. Sasa wananiletea redio zao mbovu nikuwekee.

Mama yako


25 Machi

Mama, shikamoo.

Nimecheka mpaka mbavu zikauma kwa habari za redio. Nimecheka, kisha nikairudia barua yako, kwa sababu hicho unachokiogopa ndiyo kazi yangu yenyewe.

Ngoja nikueleze. Ndani ya kompyuta moja kubwa tunaweza kuwasha kompyuta nyingine isiyo na mwili. Haina kioo wala waya, ni programu tupu, lakini yenyewe inajiona imekamilika. Programu hiyo haina bwana. Watu wa kila pembe wanaiandika pamoja, na yeyote anaweza kuisoma mstari kwa mstari na kuirekebisha. Mimi naandika majaribio yake.

Jaribio langu ni hili. Kumbukumbu ya hiyo kompyuta ichukulie ni nyumba ndefu yenye vyumba vingi. Naiacha ipite chumba kimoja baada ya kingine, na kila chumba inaongeza moja kwenye hesabu iliyoandikwa humo. Ikifika mwisho inaanza tena. Katikati ya safari naisimamisha, namimina kumbukumbu yote kwenye faili. Hapo imelala. Faili limekaa tu, halina pumzi. Kisha nawasha kompyuta nyingine, tupu kabisa, nailisha lile faili. Inatakiwa iamke palepale mwenzake alipoishia na kuendelea kutembea. Mimi napita nyuma yake nikikagua vyumba. Hesabu zikiachana mahali pasipostahili, basi kuna kitu kimepotea usingizini.

Mama, tangu nianze, kila nikiliendesha linafaulu. Hakijapotea hata chembe. Wakati mwingine nafumba macho pale dirishani naiona ile nyumba, kuta nyeupe, milango iko wazi, mtu anapita polepole bila kupotea njia. Naomba nawe ulale hivyo na uamke hivyo. Kubali, tafadhali.

Kitinda wako


6 Aprili

Kitinda, marahaba mwanangu.

Natumaini unakula na hudanganyi tumbo kwa chai. Mimi nala vizuri, ila nikishiba uvimbe unanikumbusha kwamba upo.

Barua yako nimeisoma, nikairudia, halafu nikamsomea fundi cherehani kwa sauti. Alisinzia nilipofika kwenye faili. Mimi sikusinzia. Usiku ule niliiota nyumba yako. Nilikuwa napita chumba hadi chumba, mikono mitupu, sakafu baridi chini ya nyayo, na kila mlango ulikuwa unanijua. Niliamka nimetulia kama mtu aliyeoga.

Nimemwambia daktari ndiyo. Nitapasuliwa siku ya mwisho ya mwezi huu. Kama mwanangu ameona kwa macho yake kwamba kinacholala kinaamka kilekile, mimi ni nani wa kubisha?

Mama yako


15 Aprili

Mama, shikamoo. Natumaini hujambo.

Kaa chini usome hii.

Jaribio langu lilikuwa halijaribu kitu. Nimekuwa nikikagua ile kompyuta ya kwanza, ile ambayo haikuwahi kulala. Nilidhani nimeisimamisha, kumbe sikuizima, ikaendelea kutembea kwenye vyumba vyake kama kawaida, na mimi nikapita nyuma yake nikishangilia. Ile ya pili, ya kuamka, sikuwahi hata kuitazama. Mwenzetu mmoja ambaye hatujawahi kuonana naye alisoma mistari yangu na kuniandikia swali moja tu, kwa upole: "Hapa unamkagua nani?"

Nimerekebisha. Sasa mara linafaulu, mara linafeli. Kuna wakati kompyuta inaamka na vyumba vya mwisho havina kitu. Bado hatujui kwa nini.

Ningeweza kunyamaza mpaka utoke hospitali. Nimejaribu kunyamaza, nimeshindwa. Ulikubali kwa neno langu, na neno lenyewe lilikuwa hewa. Naogopa sana, Mama. Naogopa utaghairi, na ukighairi nitakuwa nimekuua kwa mdomo wangu. Mimi si daktari, na wewe si faili. Watu hulazwa na huamka kila siku. Muulize daktari wako, usiniulize mimi. Nenda. Ila usiende kwa sababu ya jaribio langu.

Kitinda


9 Mei

Mama, shikamoo.

Simu yako haipatikani. Siku ya upasuaji imeshapita na sijui kama ulikwenda au ulibaki nyumbani. Kazini naendesha jaribio, naangalia kioo, sioni kilichoandikwa. Niandikie hata neno moja. Nitukane ukitaka.

Kitinda


12 Mei

Kitinda wangu, marahaba, tena marahaba.

Nipo. Uvimbe haupo. Simu ilikataa kuwaka tangu nitoke hospitali.

Barua yako ilinikuta nafunga begi. Tusifichane, nilikasirika. Nilililaza begi juu ya kabati, nikaenda kukaa kwenye kiti cha wateja, ambacho mimi mwenyewe huwa sikai, nikajitazama kiooni. Nikawaza, huyu mtoto angeweza kunidanganya na nisingejua maisha. Hakunidanganya. Basi akiniambia watu huamka, huyo ndiye wa kumwamini. Nikalishusha begi.

Wanasema mule usingizini hakuna kitu. Mimi nilikuwa nasuka. Nywele ndefu ajabu, sioni kichwa chenyewe kiko wapi, nafuata tu, nafuata, mikono myepesi, wala sichoki. Kumbe ndio walikuwa wananikata.

Nilipofungua macho kulikuwa na nesi, mtu mwema. Akaniuliza jina langu, nikalitaja. Akauliza nina watoto wangapi, nikamwambia. Akaandika kwamba nimeamka vizuri, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mimi nikabaki natazama dari. Mwanangu, nilijibu yote sawasawa, lakini yule nesi hanijui. Angejuaje kama ni mimi?

Sasa nimerudi nyumbani. Wateja wanasema nimependeza, nimepona. Fundi cherehani ananiletea uji, ila naye amenijua juzi tu. Walionijua zamani wamekwisha, baba yako akiwa wa kwanza, ndugu zako wakamfuata. Umebaki wewe. Nataka mtu anitazame usoni vizuri, halafu aseme, ndiye.

Najua una kazi. Sijawahi kukuomba urudi, hata siku ulipoondoka. Leo nakuomba.

Mama yako


21 Mei

Mama yangu, shikamoo.

Nimesoma barua yako nimesimama, na nimelia mbele ya watu. Mmoja alinisogezea kiti.

Jaribio nimemwachia yule mwenzetu aliyeuliza swali. Chumba nimekifunga na funguo nimemrudishia mwenye nyumba. Ukiona mtu amesimama nje ya saluni anakutazama, hasalimii, haingii, usimwite wala usimkaribishe kiti. Mwache kwanza atazame mpaka aridhike.

Barua hii usiijibu, Mama. Jibu lako halitanikuta huku.

Mwanao,
Kitinda