Mabega Iko Lubudi

Kamina, le 7 février 1954

Mama Augustine,

Jambo yako na ya mutoto yetu, na heshima kwa Baba yako. Mayi ya Lualaba kule Bukama inapanda ao bado? Minyi niko muzima, ni mugongo tu inaniuma, na sasa hivi utajua juu ya nini.

Unajua mu club hii ya golf ya bazungu kazi yangu ni kukata nyasi na kumwanga mafuta ku muchanga pale pa mashimo. Juzi Bwana secrétaire alituita sisi bote, bantu kumi na ine. Alisema lundi ya Pentecôte, sikukuu ya mwezi wa sita, siye batumishi tutacheza, mashimo kenda. Kwa mashindano ile anatafuta moniteur, muntu wa kufundisha bazungu bapya namna ya kupiga balle, mupira ile kidogo. Na moniteur anapewa nyumba ya matofali, vyumba mbili na kiwanja, na ruhusa ya kukaa na bibi yake. Mama Augustine, niliposikia neno «bibi» nilitaka kuruka. Miaka mbili niko nalala mu baraka hii, nyumba ndefu ya wanaume pekeyabo, na mwenzangu Mulumba anakoroma.

Sasa mambo mubaya. Kila dimanche, siku ya Mungu, mangaribi banatuachia kujaribu. Napiga na nguvu yote, balle inapanda muzuri, halafu inakwenda mukono ya kuume, mu majani marefu. Kila mara kuume! Mulumba anacheka mpaka anakaa chini. Abner, ule wa kuchunga mulango, anapiga polepole na balle yake inakwenda sawasawa. Ananiambia minyi napiga kama muntu wa kugongomea misumari ya reli. Ni kweli. Miaka sita mu équipe ya reli ya Baba yako haitoke mu mikono.

Usimwambie Baba kitu. Umubusu mutoto.

Mume wako,
Baba Augustine


Bukama, le 27 février 1954

Baba Augustine,

Tuko wazima, asante kwa Mungu. Augustine jino ya mbele imetoka, sasa anakataa kucheka mbele ya bantu. Mugongo yako, uikande na mafuta ya ngazi, ya mawese, usiache Mulumba aikande, ataivunja.

Nilicheka na barua yako, halafu sikucheka tena. Baba hajakusamehe. Anasema ulimuacha mu voie, ku njia ya reli, katikati ya kazi juu ya kwenda kuchunga nyasi. Na wiki hii alisema wazi: kama kipwa inayokuja, miezi ya kukosa mvua, inaisha haujapata nyumba, ataita bazee ya kwenu na ya kwetu na atasema mutoto yake, ni minyi, arudi kwake kabisa. Baba hasemi kitu mara mbili, weye unajua. Basi nyumba ile njo ndoa yetu.

Sasa unisikie, na usiseme huyu ni mwanamuke. Tangu niko mutoto nilipeleka chakula ya Baba ku voie. Hakuna reli aliyonyoosha minyi sikuona. Alikuwa anachutama, anafunga jicho moja, anatazama mbali, halafu anapigia bantu wa kazi kelele: «Leta! Leta tena! Acha!» Hakuanza na nyundo hata siku moja. Alianza na jicho. Weye unapoisimamia ile balle, miguu yako inatazama wapi? Weka muti chini, mbele ya vidole ya miguu, halafu rudi nyuma uone muti inaonyesha nini.

Bibi yako,
Mama Augustine


Kamina, le 14 mars 1954

Mama Augustine,

Salamu kwa wote. Hapa mvua ni ya kila siku, na nyasi inaota kama imetukanwa.

Nilifanya maneno yako. Niliweka mupini ya jembe chini na nikainyoosha kabisa ku bendera ya shimo, na miguu yangu sawa nayo. Balle ilikwenda kuume kupita zamani! Abner alikuwapo, na Bwana secrétaire pia, na mupini ya jembe iko pale chini kama mugonjwa. Aba! Nilisikia haya mpaka ku masikio. Acha kazi ya reli ikae ya reli. Hapa ni kitu ingine.

Baba Augustine


Bukama, le 30 mars 1954

Baba Augustine,

Homa ilinishika siku ine, sasa imekwisha. Mutoto anakula muzuri.

Weye mubishi! Miaka sita mu voie, hukuona reli iko mbili? Balle iko ku reli moja. Miguu yako iko ku reli ya pili. Hizi mbili hazikutane hata mara moja, hata ukitembea toka Bukama mpaka Kamina. Kama unanyoosha miguu ku bendera, reli ya balle inapita kuume ya bendera. Reli ya balle njo ifike ku bendera, na miguu yako itazame kidogo kushoto yake. Weka miti mbili, si moja.

Niliandika reli hizi mbili ku karatasi ya mutoto, na bendera, na weye pembeni. Baba aliiona ku meza. Aliileta karibu sana na pua, akakaa nayo, halafu aliuliza: «Huyu anayesimama pembeni ni nani?» Sikuweza kumudanganya. Nilimwambia yote, golf na nyumba. Aliweka karatasi mu mufuko na akatoka. Leo ni siku ya tano hasemi nami isipokuwa «leta mayi».

Naogopa, mume wangu.

Mama Augustine


Kamina, le 3 mai 1954

Mama Augustine,

Nilikawia kuandika juu sikujua uko na hasira ao hapana. Jambo kwa wote pale, na zaidi kwa Baba.

Ndiyo, kwa Baba. Alikuwa hapa! Hukuniambia. Dimanche ile ya tarehe makumi mbili na tano nilikuwa napiga mu kiwanja, Mulumba anaokota. Miti mbili chini, vile ulisema. Balle hazikuwa mubaya kama zamani, lakini mwisho zinapinda tu. Mara nasikia mutu anakohowa nyuma yangu. Hiyo kikohozi naijua, ilikuwa inatuamusha saa kumi na moja ku voie. Nilitaka kugeuka nimusalimie, na pale pale nikakumbuka: minyi ni mukwe. Kwetu mukwe hatazame baba ya bibi yake mu macho, na haseme naye uso kwa uso, hata ku voie alinituma kwa kinywa ya muntu mwingine. Nikabakia vile, nimemupa mugongo, jasho inatoka.

Baba akamwambia Mulumba: «Mwambie muntu yule apige.» Mulumba, hatua tatu karibu yangu, akaniambia. Nikapiga. Baba akainamisha sikio, kama anasikiliza. Akasema: «Tena.» Nilipiga kumi na mbili. Halafu akakuja karibu, nyuma yangu kabisa, na akaweka fimbo yake juu ya mabega yangu, huku na huku, kama anapima traverse, ile miti ya chini ya reli. Akasema: «Mwambie miguu yake inatazama Kamina, lakini mabega iko Lubudi. Train gani itapita hapo?»

Mulumba alianguka chini na kucheka. Minyi sikucheka, nilirudisha mabega.

Halafu akauliza: «Nyasi anaikata na nini?» Mulumba akasema na coupe-coupe, panga ya nyasi. «Basi ku nyasi mwili yake yote inazunguka. Kwa nini ku balle anarudia ku nyundo? Nyundo inatoka juu. Mwambie akate nyasi.» Mama Augustine, nilikata nyasi. Balle ilikwenda sawasawa, ikaanguka mbele ya bendera. Nikapiga tena, sawasawa. Nilitaka kulia. Nyuma yangu nasikia tu: «Hm.»

Nilipogeuka alikuwa amekwisha kwenda ku gare, kupanda train. Pale chini aliacha kamba yake ya kupimia, ile nyeupe, na kibao yake ya kuizungushia. Kamba ile hakumupa mutu hata siku moja. Kwa nini ameiacha? Uniambie kweli.

Baba Augustine


Bukama, le 22 mai 1954

Baba Augustine,

Sisi tuko. Augustine anauliza kama ku Kamina kuko samaki.

Nitakuambia kweli, na Baba asijue. Kamba aliiacha juu hana kazi nayo tena. Tangu mwezi wa tatu hayuko mu voie. Macho yake inakufa. Alikataza nikuandikie. Aliponyoosha reli ya mwisho, munganga alimusimamisha mbali na akamuuliza traverse ngapi anaona. Alisema tano. Zilikuwa makumi mbili. Ile siku kwenu aliona mabega yako juu mabega ni kitu kikubwa. Balle hakuiona hata moja. Aliisikia tu. Anasema balle ya sawasawa ina sauti yake.

Aliporudi alisema neno moja: «Muntu yule anasikia anapoambiwa.» Mambo ya kuita bazee hakuisema tena.

Lakini sasa moyo yangu iko vipande mbili. Hata ukipata nyumba, nani atamupikia? Nani atamushika mukono ku mutoni? Mama amekufa, na minyi njo mutoto wake pekee. Na hawezi kulala chini ya paa ya mukwe yake, haya itamuua mbele macho yake haijakufa kabisa. Shinda, mume wangu, naomba ushinde. Halafu minyi sijui nitafanya nini.

Mama Augustine


Kamina, le 13 juin 1954

Mama Augustine,

Amani kwako na kwa mutoto. Kaa chini kwanza.

Lundi ya Pentecôte Abner alinipita. Mashimo nane tulikuwa sawa. Ku ya kenda minyi nilifikisha balle karibu, ikakataa kuingia. Yake iliingia. Batu wakapiga mikono. Nilimupa mukono, muntu muzuri yule, halafu nikaenda kukaa nyuma ya magazini ya majembe juu bantu wasinione.

Bwana secrétaire akanitafuta. Alisema kazi ni ya kufundisha, si ya kushinda, basi sisi wawili kila mumoja atafundisha. Akaleta Madame mumoja, mupya, balle yake inakwenda kuume kama zangu za zamani. Abner alimwambia: «Tazama minyi, Madame, fanya hivi.» Akapiga muzuri sana. Madame akajaribu: kuume. Kuonyesha Abner anajua, kueleza hajui.

Minyi sikusimama mbele yake. Nilisimama nyuma, pale Baba alisimama. Nilinyoosha kamba ya Baba chini mara mbili, moja kwa balle, moja kwa miguu. Halafu nikamwomba apige, na nikafunga macho, nisikilize. Bazungu walifikiri naomba Mungu. Kisha nilimwambia mabega. Balle ya tatu ilikwenda sawasawa, na Madame akapiga kelele kama mutoto.

Nyumba ni yetu. Funguo iko mu mufuko yangu, ninaigusa kila saa.

Sasa juu ya Baba. Nilimuomba Bwana secrétaire ruhusa ya kujenga mu kiwanja, akakubali. Na Mulumba na Abner tumefyatua matofali, kuta zimefika ku magoti. Ni nyumba yake, si yangu, paa yake ni yake pekee. Imepakana na yetu mugongo kwa mugongo. Mulango yetu inatazama barabara. Mulango yake inatazama reli, train zote za Bukama zinapita pale na atazisikia. Hatutaonana uso, hata siku moja. Akitaka kunikemea atakohowa tu, ukuta si munene.

Mwambie nilinyoosha ukuta na kamba yake.

Mume wako,
Baba Augustine


Bukama, le 24 juin 1954

Baba Augustine,

Tuko wazima wote tatu.

Barua yako nilimusomea Baba mara mbili. Akavuta tumbaku yake mpaka ikaisha. Halafu akasema: «Umuandikie, nikifika nitapitisha mukono ku ukuta ule. Kama umepinda, nitamwambia avunje.»

Amekwisha kufunga sanduku yake, toka asubui amekaa juu yake.

Tunakuja na train ya mercredi. Ku gare usimukaribie Baba, simama mbali kidogo na umupe mugongo, vile inafaa. Lakini ukohowe, ajue uko.

Bibi yako,
Mama Augustine