Kibodi ya Mama Oliva

Lisekese, Masasi

Mama Oliva, mke wangu,

Huku hatujambo. Mikorosho imeanza kutoa maua. Oliva ameng'oka jino la mbele, sasa akicheka anaziba mdomo kwa kiganja.

Tangu nilipotoka kwako Newala nawaza ofisi yenu tu. Ulinieleza kwamba ofisini mna kompyuta mbili, yako na ya Jonathan, ila kibodi, kipanya na skrini ni moja moja tu. Ukibonyeza kile kitufe cha kubadilishia kompyuta, inakuja kazi yako, akibonyeza yeye inakuja yake. Ndiyo maana mnakaa benchi moja, bega kwa bega! Nilimwona akiondoa mkono kwenye kipanya, nawe ukaweka wako papo hapo, kikiwa bado na joto lake. Mkacheka. Mimi nimesimama mlangoni na mfuko wa mihogo.

Basi nimemuuza yule beberu. Kesho dereva wa basi atakukabidhi kibodi, kipanya na skrini, vyote vyako peke yako.

Jumamosi nitakuja, wala sitapiga hodi. Nikikuta bado mnabanana kwenye benchi lile, nitajua kwamba kilichopungua hakikuwa kibodi.

Ni mimi mumeo,
Baba Oliva