Maziwa ya Bibi kwenye Beseni la Perege

Kwa Gaspari Kakuru,
Kamuli, Karagwe.
9 Juni 1985

Mpendwa Shangazi Kantengwa,

Leo ni Jumapili, na nimeahidi moyoni kwamba nitakueleza yote, hata yale yanayonitia aibu.

Shikamoo. Habari za Mwanza? Baba Celestin amepona kikohozi? Na Celestin mwenyewe ameshaota meno? Sisi ni wazima. Ng'ombe wawili wamezaa, ndizi zipo, na Baba amepunguza kulalamikia goti lake.

Sasa sikia. Nimeua samaki, Shangazi, na huenda ikanibidi kuua wa pili. Katika ukoo wetu wote ni wewe peke yako unayejua samaki, ingawa walikucheka ulipoolewa huko ziwani.

Mwalimu Kaijage, anayetufundisha Sayansi darasa la sita, alinipa perege wadogo wawili kutoka bwawa la shule, niwatunze nyumbani na kuandika kila siku wanavyokua. Niliwaweka kwenye beseni nyuma ya nyumba. Bibi, mama yako, alisema nimemletea nyoka wa majini, na wiki nzima hakupita upande ule.

Jumatatu iliyopita mmoja wao alianza kuota kitu cheupe mkiani, kama pamba, akawa anaogelea kiubavu. Jumanne niliporudi kutoka shule nilikuta beseni limekuwa jeupe lote. Samaki sikuwaona. Niliona mdomo mmoja tu juu ya maji, ukifunguka na kujifumba. Bibi alikuwa amesimama pembeni na kibuyu, amefurahi.

"Mjukuu wangu, mnyonge wako nimemnywesha. Maziwa ya leo haya. Hata ndama aliyelegea huinuka."

Nilikimbilia ndoo ya maji. Alikuwa amemwonea huruma kiumbe anayemwogopa, na huruma ile ilikuwa inamziba pumzi.

Nilibadilisha maji mara tatu. Yule mzima alizinduka. Mgonjwa alilala ubavu siku mbili, mwenzake akimdonoa macho.

Nikamwendea Baba anisaidie kumkatishia mateso. Mwaka jana ng'ombe wetu alipovunjika mguu kwenye mawe, Baba alimmaliza kwa pigo moja huku akimwita kwa jina. Nilidhani atanielewa.

"Mimi niguse samaki, kisha nikakamue?" akasema. "Unataka ng'ombe wakauke?"

Aliyecheka ni jirani yetu Elpidius, aliyekuwa anageuza kahawa yake kwenye mkeka. "Nyie wachunga ng'ombe! Kasamaki kamoja kanasumbua nyumba nzima! Hebu lete hapa." Akamshika kwa vidole viwili, akamlaza mkekani, juani. "Atakufa mwenyewe. Samaki ndivyo wanavyokufa."

Shangazi, aliruka. Aliruka juu ya kahawa, akaanguka, akaruka tena. Elpidius aliendelea kugeuza kahawa yake, akiniuliza kama Baba atauza yule ng'ombe dume. Nilingoja samaki atulie, hakutulia. Nikaokota jiwe. Pigo la kwanza lilimpata mkiani, kwa sababu nilifumba macho. La pili nilitazama.

Bibi alininawisha kwa majivu, akanikataza kugusa vibuyu vya maziwa kwa siku nne. Alipomaliza kunikausha vidole aliniuliza polepole, "Amepumzika?" Nikasema ndiyo. Lakini lile pigo la kwanza bado nalisikia mkononi.

Jana niliona pamba ileile kwa yule wa pili, kidogo, pembeni ya pezi. Hata hivyo bado anakula, na nikigonga beseni anakuja juu. Nimemhamishia kwenye sufuria safi, na Bibi ameapa hataleta tena maziwa. Siwezi kumrudisha bwawani asije akaambukiza wenzake. Mwalimu Kaijage yuko semina Bukoba mpaka mwisho wa mwezi, na Elpidius simpi tena.

Barua hii nimemkabidhi Mbonimpa, dereva wa lori la kahawa. Anakuja Mwanza kesho na atarudi huku Ijumaa, kwa hiyo tafadhali mpe jibu mkononi, hata kama ni mistari miwili.

Baba anakusalimu, na Mama na Bibi pia. Bibi anasema umletee mjukuu wake amwone kabla macho yake hayajaisha. Nisalimie Baba Celestin. Mungu awalinde nyote, awape riziki na usingizi mwema.

Sasa niambie, Shangazi, wewe uliyewashika samaki wengi: ukimtazama utajuaje kwamba huyu anaweza kupona na yule amechoka? Na kama amechoka, nimpige wapi, ili safari hii iwe mara moja tu?

Mtoto wako akupendaye,
Yudesi