Tanuru Upande wa Kaskazini

3 Machi

Dada mpendwa,
Hujambo huko kazini? Sisi hatujambo, ila kifua cha Baba. Daktari amesema msimu mmoja zaidi wa moshi wa matofali na hatainuka. Ndiyo maana tumehamia kiwanja kipya. Kabla sijajenga tanuru nataka kujua upepo wa huku hutoka wapi. Nakutumia vipimo vya kituo cha hali ya hewa. Wewe ndiye mtu wa takwimu, mimi ni mtu wa udongo.
Mdogo wako

12 Machi

Mtu wa udongo,
Mpe Baba shikamoo yangu. Nimejumlisha vipimo vyote nikagawanya. Wastani ni digrii 180, yaani upepo hutoka kusini. Jenga tanuru kaskazini mwa nyumba, moshi utakwenda zake.
Dada yako

5 Juni

Dada,
Natumaini u mzima. Sisi si wazima. Tumewasha tanuru, na moshi wote unaingia dirishani kwa Baba. Nilidhani ni siku mbaya tu, kumbe ndivyo ilivyo siku zote. Halali tena, hukaa kitini akikohoa. Nilipoanza kukulaumu alinikatiza: "Mwache mwanangu. Upepo nao una kichwa chake."
Mdogo wako

11 Juni

Mdogo wangu,
Siulizi hali, najua. Zima tanuru leo. Upepo hupimwa kwa mduara. Digrii 350 na digrii 10 zote ni kaskazini, majirani wa ukuta mmoja. Mimi nikazijumlisha kama kilo za sukari, nikagawanya kwa mbili, nikapata 180, yaani kusini, mahali ambapo upepo haukutoka kabisa. Ilitakiwa kila kipimo kichorwe kama mshale, mishale iunganishwe mkia kwa ncha, ndipo uone yote inaelekea wapi. Hilo nawafundisha wenzangu ofisini, na kwa Baba nikafanya harakaharaka. Naona aibu, na naogopa. Vunja tanuru, nakuja tujenge jingine.
Dada yako

2 Julai

Dada,
Baba ametoka hospitali, anapumua kwa shida. Nilishika nyundo niende kuvunja, akasimama mbele ya tanuru akauliza wajukuu watakula nini hadi jingine liwake. Unamjua akishasema. Jana alifunga mkoba wake akahamia kwa Shangazi, mbali na moshi.

Tulihama ili tuendelee kuishi naye. Sasa tanuru lipo, yeye hayupo. Hasira zimeniisha, nimebaki na uchovu.

Ukija, usije huku kwanza. Pitia kwa Shangazi.
Mdogo wako