Barua Nilizoandika kwa Jina Lako

Karatu,
14 Juni

Dada yangu Cresensia, Digodigo,

Shikamoo dada, na Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepungua maumivu, na maji ya mfereji bado yanafika shambani kwako. Sisi huku hatujambo. Ukungu umeshuka wiki nzima kutoka msitu wa Ngorongoro. Asubuhi nikikamua namsikia ng'ombe akipumua tu, kichwa chake hakionekani. Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Yako mambo yasiyosemeka kwa simu, na tangu Pasaka ya mwaka jana hatujazungumza vizuri.

Nakuandikia habari za Paskalina wangu. Ametimiza miaka kumi, yuko darasa la tatu, na mawazo yake bado yanatangatanga. Ukimtuma chumvi anarudi na ua, na atakusimulia habari za ua hilo mpaka chakula kiive bila chumvi. Akifungua daftari anatazama mawingu. Anasema herufi hazitulii, zinaruka kama ndege heroe walioshtuliwa ziwani.

Mwezi wa pili mwalimu wake mpya, Hanifa, binti wa mwenye duka la vitambaa pale mjini, aliniita shuleni. Nilikwenda nikidhani wanamfukuza. Kumbe alitaka kuniambia kuwa mtoto si mvivu wala si mjinga, ila anajifunza kwa njia yake, na kinachomwangusha ni kukata tamaa. Akanielekeza nimsomeshe mistari miwili tu, kisha akimbie mpaka zizini na kurudi, halafu miwili mingine. Nimsifu anapojaribu, hata akikosea.

Tulifanya hivyo wiki mbili, tukicheka. Kisha siku moja akakataa kabisa kufungua daftari. Nilipombembeleza akasema, "Baba, si shangazi alisema sina kichwa cha shule, nipewe mbuzi nichunge?"

Dada, ulisema hivyo siku ile ya Pasaka, mbele ya wageni. Watu walicheka, na mimi nilicheka. Yeye alikuwa nyuma ya pazia.

Sasa nikwambie nililolifanya. Nilichukua karatasi nikaandika: "Mpendwa Paskalina, nilikosea. Una kichwa kizuri sana. Niambie, leo mawingu yalikuwaje? Ni mimi shangazi yako, Cresensia." Nikamwambia imetoka kwako, imekuja na basi la Loliondo. Aliishika kutwa nzima. Jioni akaisoma kwa kidole, neno moja baada ya jingine, bila kukumbuka kukimbia zizini. Nikaandika nyingine, na nyingine. Sasa ziko saba, na anazilalia chini ya mto. Nimekuombea msamaha ambao hukuuomba, nikakupa maneno ambayo hukuyasema. Nisamehe, dada.

Sikukusudia kukwambia kamwe. Lakini juzi Paskalina alinikabidhi karatasi hii niliyoiweka ndani ya bahasha. Ni barua yake ya kwanza maishani. Imemchukua siku nne, na sikumsahihisha hata herufi moja. Anauliza kama huko Digodigo nako mawingu hulala chini, na kama anaweza kuja likizo akuonyeshe anavyosoma. Mwalimu Hanifa alipoiona alitoka nje ya darasa kidogo, akarudi macho mekundu.

Ningeweza kumjibu mwenyewe, mkono umeshazoea. Nilikaa na kalamu nikashindwa. Safari hii ni wewe anayekuuliza, wala si mimi.

Kama huwezi kumjibu kwa moyo wako, usimjibu. Nitamweleza ukweli wote, hata kile kicheko changu, na akinichukia nitavumilia. Kama unaweza, mwandikie mstari mmoja tu, kwa herufi kubwa, uache nafasi kati ya maneno. Atausoma. Hata mstari huo ukimchukua asubuhi nzima, atausoma.

Mama Paskalina anakusalimu, watoto wanakuamkia. Msalimie shemeji na majirani wote wa huko.

Ni mimi mdogo wako,
Felisiani