Gauni la Bluu Halikai Limenyooka

Jumatatu, 3 Machi

Mkwe wangu ni dobi. Leo tena kalipiga pasi gauni la bluu la marehemu mwanangu. Kila Jumatatu, mara ya tano hii tangu tumzike. Kalitundika nyuma ya mlango, kwenye msumari wake. Sikusema kitu. Mimi, kunyamaza! Lakini swali limenikaa kooni: gauni lisilo na mvaaji linajikunja vipi?

Shule sikuingia hata kuchungulia. Herufi hizi alinifundisha yeye, mwanangu, kwenye meza hii hii. Ndiyo maana naandika. Kifua kinapungua uzito kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Nimelikagua kama askari. Asubuhi limenyooka. Jioni — mikunjo kiunoni, mikunjo mabegani! Panya? Panya hakunji nguo, hutoboa. Nimemuuliza mkwe. Eti, mama, nguo ni nguo, hujikunja. Mwongo! Dobi mzima! Na macho kayaficha kwenye pasi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemfumania mwizi. Mjukuu wangu, miaka kumi na mmoja. Mchana, baba yake kaenda kupeleka nguo za wateja, huku nyuma binti kalitungua gauni, kajikunyata nalo kitandani, kalala fofofo. Mikono ya gauni kajizungushia shingoni. Nikarudi kinyumenyume, nikagonga ndoo. Akaamka.

"Bibi, usimwambie baba. Ataumia."

"Na wewe, mke mwenzangu, huumii?"

Kacheka kidogo, kisha kilio. Nikamvutia pajani. Nami nikalia, pua inavuja kama bomba bovu.

Jumapili, 9 Machi

Nimembana mkwe. Kumbe anajua! Tangu wiki ya kwanza. Analinyoosha ili mtoto alikute zuri. Eti akimuuliza mtoto, yeye baba atalia mbele yake. Basi lia! Machozi si mafuta ya taa, hayataunguza nyumba. Kainamia kapu lake la nguo. Wapumbavu wangu wawili hawa, nawapenda mpaka nataka kuwachapa.

Jumatatu, 10 Machi

Pasi imepata moto. Mkwe kanyoosha mkono mlangoni — msumari mtupu. Mjukuu katoka chumbani, kalivaa! Linaburuza sakafuni, mikunjo tele.

"Baba, leo usilinyooshe."

Mkwe kaganda, pasi iko hewani. Nimemwambia aiweke chini kabla hajatuunguza. Kaiweka. Nimejibanza hapa na daftari, sitoki hata nikiitwa. Nachungulia — ngoja, baba mtu kapiga magoti mbele ya binti